Karatasi haina mjomba: mtihani wa kazi ya Serikali unavyokwenda, na mahali mlalahoi anapoangukia

(Hii ni mada aliyoisoma mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana waliokutana Manzese, Dar es Salaam. Tunaichapa kama ilivyosomwa. – Mhariri)

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mliokaa huko nyuma, kaka zangu na wadogo zangu,

   

Nimeombwa nizungumzie mtihani wa kazi za Serikali. Mimi si msomi. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na kabla ya kushika kalamu ya gazeti nilishika usukani wa daladala, tena kwa udeiwaka. Ila mtihani huu nimeuendea mara mbili. Mara ya kwanza niliangukia getini, hata kalamu sikuitoa mfukoni. Mara ya pili niliangukia chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo nikisema neno leo, mjue nina kovu lake.

Pale kijiweni kwetu kuna wasemaji wa aina mbili. Wa kwanza atakwambia: "Kama huna mtu ndani, usipoteze nauli." Wa pili atakwambia: "Wewe soma tu, mengine mwachie Mungu." Wote wawili wanatuponza. Yule wa kwanza anakupeleka mikononi mwa matapeli. Yule wa pili anakuziba mdomo usiulize.

Mimi nasema hivi: mtihani wa kazi ya Serikali una vyumba viwili. Kimoja kina taa, kingine kina kiza. Kijana anayetafuta kazi anatakiwa avijue vyote. Cha taa akishindie, cha kiza adai kiwashwe taa.

MTIHANI ULITOKA WAPI

Msidhani mtihani huu waliubuni wakubwa wa Dodoma ili kutusumbua. Wachina walikuwa wakiwapima watu kwa mtihani wa maandishi ili wapate maofisa tangu karne ya 7, wakauendeleza mpaka walipoufuta mwaka 1905. Na Wachina walijua ujanja wa binadamu. Enzi ya utawala wa Song jina la mtahiniwa lilifunikwa, halafu makarani wakainakili karatasi nzima upya, ili msahihishaji asitambue hata mwandiko wa mpwa wake. Miaka elfu moja iliyopita, jamani!

Uingereza ilichelewa. Mpaka katikati ya karne ya 19 kazi za Serikali zilikuwa za watoto wa mabwana wakubwa na wapambe wao. Ripoti ya mwaka 1854 ndiyo iliyoshauri watu washindanishwe kwa mtihani. Marekani nako kazi zilikuwa ulaji wa chama kinachoshinda uchaguzi. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekuwa amekasirika kwa kunyimwa cheo cha ubalozi mdogo. Rais akafariki. Sheria ya kuingiza watu kazini kwa mtihani ikasainiwa mwaka 1883.

Mnaona? Huko kote mtihani uliletwa kuzuia kujuana. Ulikuwa silaha ya mtu asiye na mjomba. Ndiyo maana nasema tusiuchukie mtihani. Tuchukie wanaouzunguka.

KWETU UNAENDESHWA NA NANI

Tanzania tunayo Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 8 ya mwaka 2002. Ilirekebishwa kwa Sheria Namba 18 ya mwaka 2007, na hapo ndipo ilipozaliwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kazi yake ni kutafuta watu wa kujaza nafasi za wizara, idara, halmashauri na taasisi: inatangaza nafasi, inachambua maombi, inaendesha usaili, inawapangia vituo waliofaulu. Vipo vyombo vingine, kama yale majeshi ya ulinzi na usalama, vyenye taratibu zao za kuchukua watu.

Wangapi wanagombea? Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa hapa Dar es Salaam. Walijaa zaidi ya 10,000 majukwaani. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilikuwa na nafasi 1,596, maombi yakafika 135,027. Hesabu yake ni kwamba kiti kimoja kinagombewa na watu karibu 85. Walimu nao: nafasi 14,648, waombaji 201,707. Watu 14 kwa kiti kimoja, na kila mmoja ana cheti chake cha ualimu mkononi.

Basi ukikosa usijione mjinga. Hata kama mtihani ungesimamiwa na malaika, kwenye kiti cha TRA watu 84 wangerudi nyumbani.

HATUA YA KWANZA: GETI

Geti linaanzia kwenye simu yako. Maombi ya Sekretarieti yanapitia mfumo wa mtandao unaoitwa Ajira Portal. Unafungua akaunti kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa, unajaza habari zako, unapandisha vyeti, unaambatisha barua iliyosainiwa. Tangazo linataka wasifu wako na wadhamini watatu wa kuaminika. Umri usizidi miaka 45.

Hapa wengi wanakufa bila kujua. Mtu anaandika barua ya jumla, "Yah: Maombi ya kazi yoyote". Kaka, hakuna kazi inayoitwa yoyote! Tangazo limetaja cheo na sifa zake. Wewe jibu sifa moja baada ya nyingine. Anayechambua anakulinganisha na tangazo, na usipofanana nalo unawekwa pembeni.

Ukichaguliwa, jina linatoka kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili. Lile tangazo lina masharti, na masharti ndiyo mtihani wenyewe wa kwanza. Uje na kitambulisho. Uje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita mpaka cha chuo. Karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Kama jina lako cheti hiki ni Hamisi na kile ni Khamis, uwe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika. Chakula, nauli na malazi ni juu yako. Na unakili namba yako ya mtihani kutoka kwenye akaunti, maana siku ile namba ndiyo jina lako.

Sasa niwape kisa changu. Nilikuwa nimeomba kazi ya udereva katika taasisi moja ya umma, sitaitaja. Leseni ninayo, cheti cha chuo cha udereva ninacho. Cheti halisi cha kidato cha nne sikuwa nacho. Kilikuwa shuleni, nilikuwa nadaiwa mchango, nikaona aibu kukifuata. Nikasema karatasi ya matokeo itatosha, kwani si ni alama zile zile?

Mama yangu anauza vitumbua. Alivunja mtaji wake akanipa nauli ya kwenda Dodoma, hela ya gesti na ya chakula. Nikafika asubuhi na mapema, shati limenyooka. Yule dada wa getini akaigeuza karatasi yangu mara mbili, akanirudishia. "Mdogo wangu, tangazo ulilisoma?" Nilikuwa nimelisoma. Sharti nililiona. Nikajifanya halinihusu. Mama alikaa wiki mbili bila kuwasha jiko la biashara kwa ajili ya kosa langu.

Baadaye nilielewa kwa nini geti lina meno. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 walikutwa na vyeti feki. Watu 9,932 wamekalia viti ambavyo wenye vyeti halali walikuwa wakivililia mitaani! Kwa hiyo getini msigombane na mtu. Kamateni vyeti vyenu halisi leo, kabla tangazo halijatoka. Anayedaiwa na shule akalipe. Ambaye hana cheti cha kuzaliwa akakifuate RITA.

HATUA YA PILI: MCHUJO

Baada ya geti kuna mchujo, yaani mtihani wa kuandika. Zamani safari nyingi ziliishia Dar es Salaam na Dodoma. Siku hizi mchujo mwingi unafanyika mikoani, kufuatana na anwani ya makazi uliyoandika kwenye akaunti, na kuna mitihani inayofanyika kwenye kompyuta. Ukihama mkoa na hukubadilisha anwani, utaitwa Kigoma na wewe uko Mbagala.

Wanauliza nini? Kwanza kazi yenyewe. Lile tangazo lina majukumu ya cheo, na maswali mengi yanachotwa humo humo. Dereva anaulizwa alama za barabarani na ukaguzi wa gari. Mtunza kumbukumbu anaulizwa mafaili. Pili, utumishi wa umma: sheria yake, kanuni zake, maadili ya mtumishi, mambo ya rushwa na kutunza siri. Tatu, uelewa wa nchi yako na taasisi unayoiomba. Inaongozwa na nani, iliundwa lini, inafanya nini.

Hiki ndicho chumba chenye taa. Juu ya karatasi pana namba. Namba haina kabila, haina dini, haina mjomba wizarani. Matokeo yanabandikwa kwa namba na alama, kila mtu anajiona alipo. Ila angalieni: kufikisha alama ya kupita hakutoshi. Wanaosonga mbele ni wa juu kabisa, kwa kadiri ya nafasi zilizopo. Ukipata 60 na wenzako wamejaa kwenye 75, umefaulu na umebaki nje.

Kwa hiyo msiingie na usingizi. Wengine wanasema "mchujo ni danganya toto, majina yalishapangwa", halafu wanaenda bila kusoma. Wakishindwa wanasema nilijua. Huyo kajichuja mwenyewe.

HATUA YA TATU: VITENDO

Kazi za mikono zina usaili wa vitendo. Mwandishi mwendesha ofisi atapiga chapa, fundi atafungua mashine, dereva ataendesha. Mimi mara ya pili, katika taasisi nyingine ambayo nayo siitaji, nilikuwa wa nne kutoka juu kwenye mchujo. Kwenye vitendo wenzangu walirukia usukani. Mimi nilianza na maji, oili, matairi na breki, kisha nikafunga mkanda. Nikarudi nyuma katikati ya vigingi bila kuangusha hata kimoja. Udeiwaka nao ni chuo, jamani!

HATUA YA NNE: CHUMBANI

Halafu ikaja siku ya mahojiano. Meza ndefu, watu watano, kiti kimoja cha kwangu. Wakaniambia nijieleze kwa kifupi. Nikajieleza. Mmoja akauliza: "Bosi wako akikwambia Jumapili umpeleke shemeji yake harusini kwa gari la Serikali, utafanyaje?" Nikajibu: "Mzee, nitamwomba kibali cha maandishi." Wawili wakacheka. Mmoja hakucheka, akaandika kitu.

Mwishoni yule wa pembeni, mzee wa miwani, akaniuliza: "Wewe kijana ni wa kwa nani?" Nikamtajia jina la baba. Akasema, "Hapana, nauliza ukoo. Kwenu hakuna mtu aliyewahi kuwa hapa?" Nikasema hakuna. Akasema asante.

Baada ya wiki kadhaa orodha ya walioitwa kazini ikatoka. Majina matupu. Jina langu halikuwemo.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo ilipo shina la mada yangu. Siwezi kusema nilidhulumiwa. Inawezekana wenzangu walijibu vizuri kuliko mimi. Inawezekana swali la yule mzee lilikuwa la mazungumzo tu, kama wazee wetu wanavyoulizana. Siwezi pia kusema sikudhulumiwa. Sikupata alama za chumbani. Mpaka leo sijui swali lile la ukoo lilikuwa la alama ngapi.

Hicho ndicho kiza ninachosema. Anayestahili akishinda, mtaani wanasema kabebwa. Anayebebwa akishinda, wanasema hivyo hivyo. Wote wanafanana, na aliyeshindwa hajui akasome zaidi au akalie. Na hatulii bure. Mwaka ule ule wa 2014 ajira za konstebo na koplo wa Uhamiaji zilisimamishwa, kisha zikafutwa, kwa sababu ya malalamiko kwamba ndugu na jamaa wa wakubwa ndio waliojazana kwenye orodha. Serikali yenyewe ilifuta. Basi asije mtu akatuambia vijana wa vijiweni tuna wivu.

MATAPELI WANAISHI KIZANI

Wiki moja kabla ya mahojiano yangu, jamaa mmoja alinipigia simu. Jina langu analijua, cheo nilichoomba anakijua. Akasema: "Dogo, viti vinauzwa. Toa laki nane, ukingoja utakuta meza imefutwa." Nilikosa laki nane, na umaskini wangu ukaniokoa. Rafiki yangu mmoja alikuwa nayo. Aliuza pikipiki yake, akatuma. Simu ya jamaa haikupatikana tena. Kazi hakupata, pikipiki hana, na polisi aliona haya kwenda, kwa sababu angeanzaje? "Afande, nilikuwa nahonga nikatapeliwa"?

Msijiulize tapeli alijuaje jina lako. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili yanabandikwa mtandaoni kila mtu ayaone. Anachukua orodha, anapiga simu hamsini. Katika hamsini, kwa bahati tu, wawili watatu watapata kazi kwa jasho lao, na hao watamsifia kwamba ni mtu wa uhakika.

Na sheria iko wazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Namba 11 ya mwaka 2007 inamkamata anayepokea na anayetoa. Anayemdai dada yako mwili wake ili ampe kazi, hilo nalo ni kosa ndani ya sheria hiyo hiyo. TAKUKURU wana namba 113, kupiga ni bure. Mtu akikwambia viti vinauzwa, hifadhi ujumbe wake, namba yake, na siku aliyopiga.

TUDAI NINI?

Nchini India wana mtihani mkubwa wa utumishi wa umma. Jumla ya alama ni 2,025. Za kuandika ni 1,750, za mahojiano ni 275. Kwa maneno mengine, katika kila alama 100, chumba cha mahojiano hakifiki 14. Na matokeo yakishatoka, alama za waliochaguliwa zinawekwa wazi: za kuandika mbali, za mahojiano mbali. Mtu akiwa wa 300 kwenye karatasi halafu akapaa chumbani, nchi nzima inaona.

Sisi tunaweza. Namba ya mtihani tunayo, mtandao tunao, matokeo ya mchujo tayari yanabandikwa. Kinachobaki ni hatua moja fupi. Mimi nadai mambo matatu, nayo hayahitaji bajeti.

Moja: tangazo la kazi liseme kabla ya mtihani mchujo una uzito gani, vitendo uzito gani, mahojiano uzito gani.

Mbili: alama za mahojiano zibandikwe kwa namba ya mtihani, kama za mchujo.

Tatu: kila mjumbe wa jopo atamke kwa maandishi, kabla ya kuanza, kama kuna ndugu yake kwenye orodha. Kama yupo, atoke nje.

Hayo yakifanyika, yule mzee wa miwani hatapata nafasi ya kuuliza ukoo wangu. Au atauliza, ila haitakuwa na alama. Na tapeli atakosa cha kuuza, maana anachouza yeye ni kile tusichokiona.

Nakwenda kuketi, Mwenyekiti. Nitaomba tena kazi ile. Cheti changu halisi kiko kwenye bahasha, kimefungwa kwa nailoni, chini ya godoro la mama. Tangazo likitoka nitasoma kila sharti. Mchujo nitaufanya kwa nguvu zangu zote, maana pale sihitaji mtu. Nikifika chumbani nitajibu vile vile: kibali cha maandishi. Na nikikosa, safari hii nitaandika barua kuuliza alama zangu, kwa adabu, na nakala nitabaki nayo.

Fanyeni hivyo na ninyi. Mmoja akiuliza atapuuzwa. Mkiwa elfu moja mnaouliza alama zenu kwa maandishi, kuna mtu huko juu itabidi ajibu.